Uzoefu wangu: mwaka mmoja wa uzamili wa afya ya umma ya dunia na sera, London

Nimemaliza Septemba 2025. Chuo sikitaji, maana mengi ninayoyaeleza yanafanana kila mahali Uingereza kozi hii inapofundishwa. Anayeniuliza kama inafaa humrudishia swali: kazi yako iko wapi? Kama unaandaa mpango kabambe wa afya wa halmashauri, unakaa wizarani, au uko kwenye asasi inayosukuma sheria, itakufaa sana. Kama unataka kuchambua takwimu za milipuko, soma epidemiolojia yenyewe. Hapa utaonjeshwa tu.

Krediti ni 180: moduli 8 za krediti 15 kila moja, na tasnifu ya krediti 60. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kusoma, kwa hiyo moduli moja ni saa 150 na muhula wa moduli 4 ni saa 600. Zigawe kwa wiki 12 upate saa 50 kwa wiki. Ratiba haikuonyeshi hilo. Utaona mihadhara na semina siku tatu tu, ukadhani umepewa likizo, kumbe zilizobaki ni saa za kusoma peke yako. Viza inaruhusu kibarua cha saa 20 kwa wiki, na hapa wengi hujikwaa wakati wa kiangazi. Wenzetu wa shahada ya kwanza wakifunga chuo wanaruhusiwa kufanya kazi muda wote, lakini kwa mwanafunzi wa uzamili miezi ya tasnifu bado ni muhula. Ukizidisha saa 20 mwezi Julai umevunja masharti ya viza, hata kama meneja wa duka amekwambia hakuna shida.

Moduli ya takwimu ni ya msingi lakini haina huruma. Kosa linalorudi kila wiki ni kusoma uwiano wa odi (odi ni wagonjwa kwa wasio wagonjwa) kana kwamba ni uwiano wa hatari (hatari ni wagonjwa kwa watu wote). Chukua kijiji chenye wagonjwa 60 kati ya watu 100, na kingine chenye 40 kati ya 100. Uwiano wa hatari ni 1.5. Odi za cha kwanza ni 60 kwa 40, za cha pili ni 40 kwa 60, na uwiano wake unatoka 2.25. Ukiandika kwamba watu wa kijiji cha kwanza wako hatarini mara 2.25, umetia chumvi bila kujua. Ugonjwa ukiwa adimu namba hizo mbili hukaribiana, ndiyo maana kosa hili hupita bila kuonekana mpaka siku ya mtihani. Chuo hutoa leseni ya Stata, programu ya kuchambua takwimu, ila fahamu kwamba leseni hiyo ina mwisho wake; mimi ningeanza na R, ambayo ni ya bure, mwezi mzima kabla ya kufika.

Utamu uko kwenye sera. Chombo cha kwanza utakachopewa ni pembetatu ya Walt na Gilson ya 1994: maudhui, muktadha, mchakato, na katikati wahusika. Inaonekana nyepesi mpaka uitumie. Tanzania ilipeleka bungeni muswada wa Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2022, na sheria ikapita 2023. Insha ya kawaida ya mtu aliyetoka kazini kwetu itaeleza faida za bima na kunukuu Shirika la Afya Duniani kila aya, na itapata alama 55. Msahihishaji anataka kusikia kilichotokea katikati: nani alihofia kubeba gharama ya wasio na uwezo, fedha zingetoka wapi, nani alikuwa na sauti mezani na nani alisemewa. Azimio la Abuja la 2001 nalo, lile la nchi za Afrika kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, darasani linaanza na swali la kihasibu: asilimia 15 ya nini? Ukiweka fedha za wafadhili ndani ya hesabu unapata jibu moja, ukiziondoa unapata jingine, na nchi ileile inaweza kuonekana mtiifu au mkaidi kutegemea nani kapiga hesabu.

Moduli niliyoipenda kuliko zote ni ya biashara na afya. Hukumbusha mambo ambayo ofisini hayasemwi. Kwa mfano, nchi zenye maendeleo duni kabisa zimesamehewa kulinda hataza (haki za wavumbuzi) za dawa hadi Januari 2033 chini ya kanuni za Shirika la Biashara Duniani. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo, Kenya haimo. Majirani wanaonunua dawa zilezile, wanasimama mahali tofauti kisheria. Ukiwa na jambo kama hilo, insha inajiandika.

Kuhusu alama, usizimie. Kufaulu ni 50, daraja la kati 60, na kuanzia 70 ni daraja la juu kabisa. Waliozoea A za nyumbani wakiona 62 hudhani wameonewa. Kuzidi idadi ya maneno kunakatwa alama, kwa kawaida baada ya asilimia 10, kwa hiyo usijaze utangulizi kwa historia ya Alma-Ata 1978, azimio la afya ya msingi, ambayo msahihishaji ameisoma mara mia.

Udhaifu mkubwa wa mwaka wangu ulikuwa slaidi zilizochacha. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 20 Mei Mkataba wa Majanga ya Maambukizi ukapitishwa Geneva, lakini baadhi ya mihadhara iliendelea kana kwamba wafadhili ni walewale wa 2019. Semina ndizo zilizookoa, hasa darasa likiwa na watu waliowahi kupokea barua ya kusimamishiwa mradi.

Pigo hilohilo liliikuta tasnifu. Wengi hupanga kutumia data za DHS, tafiti za kaya kuhusu idadi ya watu na afya zilizokuwa zikifadhiliwa na Marekani, kwa sababu ni za bure na zinatosha. Februari 2025 programu hiyo ilisimama na maombi mapya hayakujibiwa. Waliokuwa wamepakua mapema waliendelea, wengine wakabadilisha mada. Funzo la kiufundi: omba na upakue data muhula wa kwanza, hata kama mada haijakaa sawa. Faili la wanawake ni IR, la watoto chini ya miaka mitano ni KR. Kabla ya hesabu yoyote gawanya safu ya v005 kwa 1,000,000 upate uzito wa sampuli, kisha itambulishe programu klasta, yaani maeneo yaliyochaguliwa (v021), na matabaka (v022). Usipofanya hivyo asilimia zako zitapotoka, na vipimo vya uhakika vitaonekana vizuri kuliko ukweli. Kukusanya data mpya Tanzania simshauri mtu: kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pamoja na kile cha chuo havitoshei katika Juni hadi Agosti.

Sasa fedha. Ada yangu ilizidi pauni 25,000. Viza ya 2024 ilikuwa pauni 490, ushuru wa NHS (huduma ya afya ya Uingereza) pauni 1,164 kwa kozi ya miezi 12 (776 za mwaka na 388 za kipande kinachozidi), na kwa London nilionyesha pauni 12,006 benki, yaani 1,334 kwa miezi 9. Viwango vimepanda tangu hapo, hakiki kabla ya kulipa. Fedha hizo zikae siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Akaunti ya shilingi weka ziada ya asilimia 10, kwani ubadilishaji ukiyumba siku ya maombi unanyimwa viza kwa laki chache. Cheti cha kifua kikuu kinadumu miezi 6, usikiwahi mno. Na tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa darasani asiyefadhiliwa na serikali haruhusiwi kuja na mwenza wala watoto.

Kwa gharama hizo, kuuza kiwanja ili usome kozi hii sikubaliani nako. Kazi zilizokuwa zikiwangoja wahitimu kwenye miradi zimepungua. Kwa ufadhili, nenda. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hufungua Agosti, inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, kozi tatu tofauti kwenye fomu, na kurudi nyumbani miaka miwili. Ufadhili wa Pamoja wa Jumuiya ya Madola nao uko wazi kwa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Ukishamaliza, omba chuo nakala ya matokeo yenye mhuri kabla hujapanda ndege, kwa kuwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) itaitaka pamoja na cheti, na kuifuatilia ukiwa Dodoma ni kazi nyingine.