Kujitolea kwenye majaribio ya dawa za minyoo Pemba: huduma yenyewe ikoje

Kikopo cha plastiki chenye mfuniko, na namba iliyoandikwa ubavuni kwa kalamu isiyofutika: hivyo ndivyo jaribio la dawa ya minyoo linavyoingia nyumbani Pemba. Kabla ya kidonge chochote kuna kikopo, na ukitaka kujua kama watu waliokuja shehiani kwenu (eneo lililo chini ya sheha) wanaijua kazi yao, angalia kwanza wanavyoeleza habari ya hicho kikopo.

Tunayapima majaribio haya kama huduma nyingine yoyote, kwa kuangalia mtu anatoa nini, anapata nini, na wapi mambo huharibika. Tumechagua dawa za minyoo ya tumbo kwa sababu Pemba ina historia ndefu nazo. Chuo Kikuu cha Basel, kupitia taasisi ya Swiss TPH, kimezijaribu hapa pamoja na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, Chake Chake, ambayo ipo tangu mwaka 2000. Hukumu yetu tunaitoa mapema: katika majaribio ya aina hii, vipimo na ulinzi wa mshiriki ndiyo sehemu nzuri kupita zote. Udhaifu, popote yanapofanywa, huwa kwenye lugha ya karatasi na kwenye kurudisha majibu.

Mtu atauliza kwa nini dawa mpya, wakati albendazole ya 400 mg inagawiwa skuli kila mara. Inagawiwa kwa sababu inafanya kazi vizuri kwa chango (minyoo mirefu ya mviringo) na kwa kiasi kizuri kwa safura (minyoo midogo inayonyonya damu utumboni). Kwa minyoo ya mjeledi, iliyo myembamba kama mjeledi, ni dhaifu mno. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 lilionesha hivyo bila kificho: hapa Pemba albendazole peke yake iliwaponyesha asilimia 6 tu ya waliokuwa na minyoo hiyo, lakini ilipotolewa pamoja na ivermectin, dawa nyingine ya minyoo, waliopona walifika asilimia 49. Laos ilikuwa 8 kwa 66. Côte d'Ivoire, dawa zilezile, ilikuwa 10 kwa 14, yaani karibu hakuna tofauti, na baadaye ikagundulika kwamba minyoo ya kule ni ya aina nyingine kabisa. Kwa hiyo anayesema dawa ijaribiwe nchi nyingine kwanza ndipo iletwe kwetu hajaiona hesabu hii. Dawa iliyofaulu Laos haijathibitishwa kwa mtu wa Konde, kaskazini mwa Pemba, mpaka mtu wa Konde ainywe na choo chake kipimwe.

Turudi kwenye kikopo. Majaribio mazuri huomba choo cha siku mbili tofauti, kwa sababu minyoo haitoi mayai kwa kiasi kilekile kila siku. Kila choo hutengenezewa slaidi mbili kwa njia ya Kato-Katz: choo kinasukumwa kupitia wavu mdogo ili makapi yabaki, kinajazwa kwenye tundu la kipimo linalobeba miligramu 41.7, kisha kinafunikwa kwa kipande cha selofani kilicholowekwa kwenye gliserini na rangi ya kijani, na kukandamizwa mpaka kitandae. Mayai yanahesabiwa kwa hadubini na idadi inazidishwa kwa 24 ili kupata mayai katika gramu moja.

Hapa ndipo saa inapokuwa na maana. Gliserini inasafisha slaidi ili mayai ya mjeledi yaonekane, lakini gliserini hiyohiyo inayafuta mayai ya safura. Slaidi isiposomwa ndani ya dakika 30 hadi 60, safura inapotea machoni na mtu anaambiwa hana wakati anayo. Nyumbani nako kikopo kikikaa mpaka kesho yake kwenye joto, mayai ya safura yanaanza kuanguliwa. Choo cha asubuhi kifike asubuhi hiyohiyo. Timu inayopita kukusanya vikopo saa nane mchana, au inayomwambia mama "leta tu ukipata nafasi", inapoteza alama nyingi kwetu. Na kuna kosa la nyumbani ambalo kila fundi wa maabara analijua: mtoto mmoja hakupata choo, mama anagawa cha mwenzake kwenye vikopo viwili ili asionekane mzembe. Timu nzuri inamwambia kabla kwamba kikopo kitupu si aibu, na kesho itarudi.

Wengi hukasirika wanapotoa choo, kisha wakaambiwa hawakuchaguliwa. Sababu ni hesabu. Kwenye lile jaribio la ivermectin na albendazole, mtu alitakiwa awe na mayai ya mjeledi angalau kwenye slaidi mbili kati ya nne, na wastani usiopungua mayai 100 kwa gramu. Chukua mtu mwenye mayai 3, 5, 4 na 8: wastani ni 5, mara 24 ni 120, ameingia. Jirani yake mwenye 1, 0, 2 na 1 ana wastani wa 1, yaani 24 kwa gramu, ameachwa. Jirani huyo ana minyoo vilevile. Ila kwa mayai machache kiasi hicho haiwezekani kujua kama dawa imefanya kazi au kipimo kimebahatisha. Swali la kuuliza mapema, mbele ya sheha kama yupo, ni hili: aliyepimwa akaonekana ana minyoo lakini hakuchaguliwa anapewa dawa ya kawaida siku gani? Jibu likiwa "aende kituo cha afya", huduma hiyo ni nusu.

Siku ya dawa yenyewe huwa ndefu kuliko watu wanavyodhani. Kuna kupimwa uzito, kwa sababu ivermectin hutolewa mikrogramu 200 kwa kila kilo na haitolewi kwa mtoto aliye chini ya kilo 15. Kuna kuangaliwa damu, joto la mwili na historia ya maradhi. Wanawake walio katika umri wa kuzaa hupimwa mimba, na hapa tunasema wazi: kipimo hicho kinafanywa faraghani, na majibu anaambiwa yeye peke yake. Msichana akitolewa kwenye foleni mbele ya wenziwe bila maelezo, shehia nzima itakuwa imeshajua sababu kabla ya adhuhuri. Njia rahisi ni kumwita kila mtu chumbani kwa muda uleule, anayepewa dawa na asiyepewa.

Kisha kompyuta inapiga kura ya nani anaingia kundi gani. Si daktari anayechagua, na mara nyingi hata anayetoa kidonge hajui kilichomo. Kundi moja linaweza kupewa kidonge kisicho na dawa. Watu huliona hilo kuwa ni udanganyifu. Lakini angalia jaribio la emodepside lililofanywa Pemba na kuchapishwa mwaka 2023. Emodepside ni dawa iliyoanza kwenye tiba ya wanyama. Katika kundi la 5 mg walipona mjeledi watu 25 kati ya 30. Katika kundi la kidonge kitupu walipona 3 kati ya 31. Hao watatu ndio wanaotuonesha kwamba wapo watakaoonekana wamepona hata bila dawa, na bila wao ile 25 isingekuwa na uzito. Haki ya aliyepata kidonge kitupu ni kupewa dawa halisi baada ya vipimo vya mwisho, na ahadi hiyo iwe imeandikwa kwenye fomu, pamoja na tarehe yake.

Baada ya kumeza, usiondoke mara moja hata kama wenzako wanakuita. Maudhi ya dawa hizi mengi ni madogo na ya muda mfupi: kuumwa na kichwa, tumbo kukata, kizunguzungu, na kwa emodepside macho kuona ukungu kwa muda. Watu huulizwa hali zao baada ya saa chache na tena siku ya pili. Mwenye bodaboda au vespa asiendeshe siku hiyo. Jambo hilo huachwa kwenye maelezo ya mdomo hata pale lilipoandikwa kwenye karatasi.

Sehemu inayoharibu majaribio mengi ni kurudi siku ya 14 hadi 21 kwa ajili ya choo cha pili. Siku hizo hazikuchaguliwa ovyo. Ukipima mapema sana, mnyoo aliyezimia tu anaweza kuhesabiwa amekufa. Ukichelewa, mtu ameshaanza kuambukizwa upya, na safura mpya inaweza kutoa mayai baada ya wiki tano hivi. Asiyerudi anaacha pengo, na mapengo yakizidi hakuna anayeweza kusema dawa imefaulu au imeshindwa. Waandaaji kutoka nje hupanga siku hizi kwa kalenda ya ukutani, lakini pwani ya Pemba ina kalenda nyingine. Dawa ikitolewa siku za maji mafu, ambapo bahari haikupwi sana, siku ya 14 au 15 ni maji mafu tena. Siku ya 21 inaangukia karibu na bamvua, bahari inapokupwa mbali, na siku za bamvua wanawake wanaolima mwani wako pwani tangu maji yanapoanza kukupwa. Wavuvi walio dago (kambi ya uvuvi ya mbali) hawarudi kwa ajili ya kikopo. Msimu wa karafuu familia nzima inahamia mashambani. Wanafunzi wana skuli asubuhi na chuo cha Kurani alasiri. Na mchana wa Ramadhani hakuna kidonge kitakachomezwa. Timu iliyokaa na masheha wiki moja kabla ya kupanga tarehe huwaona watu wake wakirudi. Iliyokuja na ratiba iliyokwisha chapwa hubaki kuwatafuta kwa simu.

Kuhusu usalama, Pemba ina mfano wake yenyewe. Jaribio kubwa lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins liliwapa watoto wa mwezi 1 hadi 35 madini ya chuma na asidi ya foliki, likitazamia kupunguza maradhi na vifo. Agosti 2003 bodi huru ya usalama ilitazama takwimu na ikasimamisha makundi yote yaliyokuwa yakipata chuma. Makundi mengine yaliendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, kutoka kwa watoto 24,076, yalionesha kwamba waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa kwa maradhi makali. Ni habari nzito, na mzazi ana haki ya kuijua kabla hajatia saini. Inaonesha kwamba hatari ya kweli ipo hata kwenye kitu kinachouzwa dukani kama dawa ya kuongeza damu, na kwamba bodi yenye nguvu ya kusimamisha kazi ndiyo kinga. Usikubali jaribio la dawa ambalo hakuna anayeweza kukuambia nani ana uwezo wa kulisimamisha.

Vibali: afya si jambo la Muungano, kwa hiyo kibali cha Bara peke yake hakitoshi Unguja wala Pemba. Jaribio la dawa linahitaji ithibati ya kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar, ZAHREC, na upande wa dawa yenyewe ni Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA. Namba ya kibali na simu ya kamati viwe kwenye fomu yako. Fomu iwe ya Kiswahili kinachoeleweka na mtu wa kijijini. Tumeona tafsiri zinazosema "mkono wa utafiti" zikimaanisha kundi, na hakuna msomaji atakayeelewa hapo. Asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi wake mwenyewe, si mfanyakazi wa utafiti, ndipo anaweka dole gumba. Mtoto anasainiwa na mzazi, lakini naye anaulizwa, na akikataa basi. Hakuna malipo ya kuingia. Anayekuomba hata shilingi elfu moja ya "usajili" ni tapeli.

Kutafuta majaribio yaliyo wazi kwenye mtandao si kazi ngumu, ila usitegemee sana. Daftari la Afrika, PACTR, linaendeshwa kutoka Cape Town. La Marekani ni ClinicalTrials.gov. Andika Zanzibar au Pemba kwenye sehemu ya kutafuta, kisha tazama hali ya jaribio: "Recruiting" ndiyo inayopokea watu, "Completed" limekwisha. Yote ni Kiingereza, kumbukumbu nyingine hazifanyiwi marekebisho kwa wakati, na simu iliyowekwa inaweza kuwa ya Ulaya. Kuandikwa humo nako si ithibati ya ubora. Faida yake kubwa ni namba ya usajili, inayoanza na PACTR au NCT. Ukiwa nayo unaweza kulinganisha ulichoambiwa barazani na kilichosajiliwa. Kwa kuingia hasa, njia ya kweli ni sheha, skuli au kituo cha afya.

Nani tunamshauri ajitolee? Mtu mzima mwenye afya ya kawaida, anayejua kwamba kura inaweza kumpa dawa ya zamani au kidonge kitupu, na mwenye uhakika wa kurudi. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, au mtoto anayetoka damu chooni, aende hospitali leo, asingoje mtafiti.

Ziara ya mwisho ndipo tunapotoa alama ndogo. Watu hutoa vikopo vinne, damu na siku kadhaa za kazi, kisha gari linaondoka na hakuna aliyewaambia chochote. Omba majibu yako mwenyewe yaliyoandikwa: mayai kabla, mayai baada, kundi ulilokuwemo pindi likishafunuliwa, jina la dawa na tarehe uliyoinywa. Waulize pia lini watarudi shehiani kueleza matokeo ya wote. Karatasi hiyo iweke kwenye bahasha moja na nakala ya ridhaa na kadi ya kliniki. Mtoto akiugua miezi miwili baadaye, daktari wa Mkoani au Micheweni ataihitaji.