Simba amelala, nondo ya nini?

Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi someni hivyo hivyo.

Juzijuzi, lile joto la kabla ya mvua likiwa limeishika Dodoma kweli kweli, nilimpeleka mpwa wangu kwenye bustani ya wanyama, moja ya hizi za watu binafsi nje kidogo ya mji. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Mbuni, kobe na nyani sina neno nao. Tulifuata simba.

Tulifika bandani saa nane mchana. Dume amelala chali, miguu juu, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, majike wawili pembeni yake. Mtoto akachuchumaa, akawa anaangalia lile tumbo linavyopanda na kushuka, ametulia kabisa. Mara akatokea kijana mwenye sare, kashika kipande cha nondo, akaanza kugonga wavu: gwa! gwa! gwa! "Amka wewe, wageni wamelipa!" Simba akafungua jicho moja, akalifumba. Kijana akazunguka upande wa pili, akapitisha nondo kwenye tundu la wavu na kumchokonoa mgongoni. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mwache apumzike." Akanijibu bila hata kugeuka: "Braza, picha ya simba aliyelala utamwonyesha nani?"

Jamani. Simba hulala au kujilaza saa 16 mpaka 20 kwa siku, na huo si uvivu. Huyu ni mnyama wa kunyemelea na kurukia. Moyo wake ni mdogo ukilinganisha na mwili wake, hawezi kumkimbiza mnyama masafa marefu kama fisi anavyofanya. Akishashiba, kinachobaki ni kutulia mpaka jua lizame. Mimi nimekuja kumwona simba, na simba wa saa nane mchana ndiyo huyo aliyelala. Nimeshamwona, hela yangu imerudi. Nani kaomba sarakasi?

Nikamuuliza kwa makusudi: mbona manyoya ya shingoni ya huyu ni meusi hivi? "Uchafu tu huo, haogi." Hapo nikaishiwa nguvu. Weusi ule huja na umri na homoni za kiume! Serengeti hapa hapa nchini, watafiti wa simba Craig Packer na Peyton West waliweka masanamu ya simba, mengine yenye manyoya meusi, mengine ya rangi nyepesi. Majike wakavutiwa na yale meusi, madume wakayaogopa. Utafiti ulitoka mwaka 2002. Tena walipima na gharama yake: dume mwenye manyoya meusi hupata joto kuliko wenzake. Sasa pigeni hesabu wenyewe. Dume mweusi, saa nane, Dodoma, sehemu kubwa ya banda ni jua tupu, halafu mtu anamtoa kwenye kivuli kwa nondo.

Nikaenda kulalamika kwenye dirisha la tiketi. Dada wa pale akaniangalia, akasonya kidogo: "Sasa baba, wewe ulitaka simba akuimbie?" Kwa wakati ule, kama kungekuwa na nyota chini ya sifuri ningewapa.

Lakini niseme na haki. Jioni, tukiwa tunajikokota kutoka, tukakutana na mzee anayelisha, na toroli lake. Shikamoo, marahaba, akatuambia tumfuate. Huyo sasa ndiye mtu! Nyama yake ina mifupa, na alimweleza mtoto kwa nini: mwana simba akikuzwa kwa minofu mitupu anakosa kalsiamu, mifupa inakuwa laini na miguu inapinda. Kuna siku katika wiki hawapewi chakula kabisa, kwa sababu porini simba hali kila siku. Kisha akatupa bandani gogo alilolipaka kinyesi cha pundamilia. Yule dume, ambaye nondo haikumwinua, aliinuka mwenyewe! Akanusa, akakunja pua, akafunua meno, akabaki vile vile kama kasahau alichotaka kusema. "Mjomba, anacheka!" Mzee akamsahihisha taratibu: anaivuta ile harufu mdomoni, kwenye kiungo cha kunusia kilicho juu ya kaakaa. Mpwa wangu akawa anakunja pua na yeye njia nzima mpaka getini.

Nikasema basi, nyota tatu. Hata nne, mzee yule peke yake ni nne.

Getini nani amesimama? Kijana wa nondo. "Braza, hela ya maji basi, si nimekuamshia simba?"

Moja. Ni moja, na hiyo moja ni ya mzee.

Mkitaka kwenda, nendeni kuanzia saa kumi na moja, muulizieni anayelisha, na mkimwona mtu na nondo msimpe hata mia. Ofisini kwao nimeacha barua, hawajajibu mpaka leo. Mpwa wangu naye keshaanza kudai turudi, anataka kumsikia akinguruma, kwani mzee alimwambia sauti ile usiku uliotulia hufika hadi kilomita 8. Nitamrudisha, sina ujanja. Ila safari hii kiingilio atatoa baba yake.