Uzoefu wangu: vikao 8 kwa mshauri nasaha, Area D Dodoma

Kabla sijalipa shilingi 40,000 ya kikao cha kwanza nilimuuliza mshauri huyu mambo matatu: umesomea nini, mazoezi ya vitendo ulifanyia wapi, na nani anakusimamia sasa. Alijibu yote bila kununa. Ana shahada ya saikolojia na uzamili wa unasihi, amefanya mazoezi wodini, na kila mwezi hukaa na msimamizi kupitia kesi zake bila kutaja majina. Hilo la msimamizi usiliache. Mshauri asiye na wa kumsahihisha atarudia kosa lilelile kwa kila mteja. Na cheti cha semina ya siku tatu hakitoshi, hata kama kimewekwa kwenye fremu.

Alisema wazi pia kwamba haandiki dawa. Mtu anayesikia sauti, au anayekesha siku kadhaa bila kuchoka huku akiongea mfululizo, humwelekeza kwa daktari wa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma. Inaniuma kuona jina hilo bado ni tusi mitaani kwetu, wakati wengi huenda kliniki asubuhi, na jioni wako nyumbani.

Anatumia tiba ya fikra na tabia, ambayo Aaron Beck aliianzisha Marekani miaka ya 1960. Kikao ni dakika 50. Cha kwanza huanza na dodoso la sonona la maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila jibu ni alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 anachunguza zaidi, maana dodoso peke yake halithibitishi ugonjwa. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu likizidi sifuri anaweka kalamu chini na kuuliza kwa maneno ya wazi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Dodoso hurudiwa kila baada ya vikao viwili, ili maendeleo yaonekane kwa namba.

Kazi kubwa iko kwenye daftari la nyumbani, lenye safu nne: tukio, wazo, hisia (kwa asilimia), ushahidi. Wengi hukwama safu ya pili. "Nimeumia" ni hisia. "Hawanithamini" ndilo wazo, na wazo ndilo linalopimwa kwa ushahidi. Kosa jingine ni kujaza wiki nzima usiku wa kuamkia kikao. Andika ndani ya saa moja baada ya tukio, kabla kumbukumbu haijapanga upya mambo.

Mipaka ya usiri aliisoma mwanzoni: hatari kwa maisha yako au ya mwingine, mtoto anayeumizwa, amri ya mahakama.

Kasoro ni chumba. Ukuta ni wa mbao nyembamba na sauti hufika mapokezi, jambo zito kwa kazi ya aina hii. Nimemwambia, naye sasa huwasha redio upande wa nje. Bado nashauri uombe nafasi ya saa mbili asubuhi, mapokezi yakiwa matupu.