Kuchakaza mabehewa ya mfano: ununue nini kwanza

Mji wa Lubumbashi una treni tangu 1910, kwa hiyo cha kuiga tunacho bure. Nenda karibu na gare (stesheni ya treni) wakati wa kiangazi, uangalie behewa la mizigo likipita. Vumbi jekundu limeanzia kwenye magurudumu likapanda ubavuni. Kutu imechungulia kwenye ribiti na viungo, kisha ikashuka mistari myembamba kufuata njia ya mvua. Behewa la mfano likitoka boksini linang'aa kama sahani mpya, na tukitaka kulichakaza, yaani kulifanya lionekane la zamani, wengi wetu tunakimbilia rangi kabla ya kununua kitu cha kuishikilia.

Ndiyo maana namba moja yangu ni vanishi ya kupuliza isiyong'aa. Niliwahi kumaliza behewa zima kwa unga wa rangi ya kutu bila vanishi. Kesho yake kila nilipolishika palibaki alama ya kidole gumba. Plastiki yenye uso unaoteleza haishiki unga. Lioshe kwa maji na sabuni, likauke, puliza tabaka jembamba, fanya kazi yako, kisha funika kwa tabaka jingine. Hilo la mwisho hufifisha unga, basi uzidishe kidogo kuliko unavyotaka kuona.

Namba mbili ni chaki za pastel za wachoraji. Chukua zile kavu, maana za mafuta hazisagiki. Kahawia, rangi ya chungwa iliyokolea, nyeusi na kijivu zinatosha. Zisugue kwenye msasa upate unga, upake kwa brashi kavu. Waulize wanafunzi wa Beaux-Arts, shule ya sanaa, wanakonunua chaki moja moja kabla hujalipia boksi zima. Na udongo wetu mwekundu? Rangi ndiyo yenyewe, tena ni bure! Uchekeche kwa kitambaa cha nailoni, halafu uupitishie sumaku, kwa sababu chembe za chuma zikinaswa na mota ya kichwa cha treni zitaiharibu.

Namba tatu, rangi ya mafuta ya mirija, kahawia ya kutu. Hapa ndipo behewa linapopata umri. Weka nukta ndogo kama kichwa cha pini chini ya ribiti, chukua brashi bapa yenye unyevu kidogo wa tapentaini, uvute kwenda chini mara moja. Mstari unatokea palepale. Ukikosea, unafuta na kurudia, kwa kuwa haikauki upesi. Lipe behewa siku kadhaa kabla ya vanishi ya mwisho.

Unga wa makopo uliotengenezwa kwa kazi hii ni mzuri, ila ukiuagiza Ulaya gharama ya kuusafirisha inaweza kuzidi bei yake. Namba nne.

Mwisho naweka pistole ya kupulizia rangi na kompresa yake. Vumbi lake hutua laini kuliko la brashi, sikatai, lakini ni ghali, inataka umeme usiokatika, na kila ukibadili rangi unaifungua kuiosha. Ingoje.

Ongeza kichupa kimoja cha akriliki ya kahawia kwa ajili ya magurudumu. Paka uso wa nje tu; sehemu inayokanyaga reli na ncha za ekseli ziache safi, la sivyo behewa litakuwa zito kuzunguka na kuruka reli kwenye kona.