"Umeshajifunza neno hili": uzoefu wangu na programu ya msamiati wa Kilatini

Nyota mbili. Nilikuwa nimeweka moja, nikaongeza, na huenda nikaipunguza tena kabla sijafika chini. Bei na idadi ya masomo mtaviona wenyewe dukani, mimi nina jambo moja tu linaloniwasha.

Jambo lenyewe ni ule ujumbe mwekundu unaotokea ukikosea neno ambalo programu inaamini ulishalipita. Natafsiri, maana kila kitu kiko kwa Kiingereza: "Umeshajifunza neno hili." Ulinitokea kwenye jaribio la mwisho wa sehemu ya pili, sentensi hii: Regis filia in horto est. Anayefuata masomo yao kwa utaratibu anajua filia ni binti, hortus ni bustani, est ni yuko. Regis hajawahi kuliona. Na kwa kuwa limekaa mwanzoni na herufi kubwa, na akina Regis tunawajua, wapo parokiani, atajibu: "Regis, binti, yuko bustanini." Nyekundu. Umeshajifunza neno hili.

Umejifunza wapi? Kadi waliyokupa ina "rex" upande mmoja na "mfalme" upande wa pili, basi. Regis maana yake "wa mfalme", na sentensi inasema binti wa mfalme yuko bustanini. Nomino ya Kilatini ina shina, na mara nyingi shina hilo halionekani kwenye umbo la kwanza. Ndiyo maana kamusi ya Kilatini, hata ile ndogo ya mfukoni, huandika vitu vitatu: rex, regis, m. La kwanza ni umbo la mtenda, la pili ni la umilikishi, na herufi ya mwisho ni jinsia. Ondoa -is kwenye regis, ubaki na reg-, na hapo ndipo yanapotoka mengine yote: regem (mfalme akiwa ndiye anayetendwa), regi (wa kupewa), rege (baada ya vihusishi kama cum, "pamoja na"), na wingi reges, regum, regibus. Ukishika rex peke yake hutoi hata moja kati ya hayo.

Ni sawasawa na kumfundisha mgeni "ulimi", ukamtahini kwa "ndimi", na akikwama umwambie lakini hili nilishakufundisha!

Mnaodhani nakuza mambo, chukueni maneno matano ya sehemu yao ya kwanza, yote yanaishia -us: dominus (bwana), manus (mkono), corpus (mwili), opus (kazi), virtus (ushujaa). Kwenye kadi zao yanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Weka umbo la pili uone: dominus, domini, manus, manus, corpus, corporis, opus, operis, virtus, virtutis. Hapo kuna makundi matatu tofauti ya nomino, na jinsia zote tatu: dominus ya kiume, manus na virtus za kike, corpus na opus za kati. Aliyekariri -us tu ataandika "corpi" akitaka kusema "ya mwili", na "manus bonus" pale panapotakiwa manus bona. Hayo makosa si uvivu wake. Kadi ndiyo iliyomfundisha kukosea.

Wanasheria, ambao nahisi ndio wengi mnaoulizia programu hii, ninyi ndio mtaumia zaidi. Amicus curiae ni rafiki wa mahakama, na curiae ni umbo la pili la curia. Wakiwa wengi ni amici curiae: anayeongezeka ni rafiki, mahakama inabaki ileile moja. Mnasema actus reus (tendo la hatia) lakini mens rea (nia ya hatia), na neno reus ni lilelile, limebadilika kufuata jinsia, maana actus ni ya kiume na mens (mentis) ni ya kike. Kadi yao ya mens inasema "akili" kisha inanyamaza. Wa botania nao vilevile. Mnazi ni Cocos nucifera. Hiyo nuci- haitoki kwenye nux kama ilivyo, inatoka kwenye nucis, umbo la pili, yaani tunda la kokwa ngumu, na -fera imetoka kwa fero, kubeba: mti wenye kubeba kokwa. Mwenye nux peke yake mkononi atapita chini ya mnazi huo kila siku bila kuutambua.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Sikutukana. Niliwapa mfano wa regis, nikawaeleza kwamba dawa ni neno moja na herufi moja kwenye kila kadi, hakuna zaidi. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, mistari miwili: wanaoanza huogopeshwa na sarufi, na nikitaka mambo ya wataalamu ninunue kitabu. Mwishoni wakanibandikia kile kikatuni cha kutabasamu.

Mambo ya wataalamu! Umbo la pili si sarufi ya ziada, ni nusu ya neno. Na kama mnaogopa kumtisha anayeanza, mbona mnamtahini kwalo?

Haya, nisiwaonee. Sauti zao ni nzuri, na hapo ndipo nyota ya pili ilipopatikana. Wanafuata matamshi ya Roma ya kale kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuchanganya: c ni k popote, v ni w, kwa hiyo Cicero, yule msemaji wa Roma, anaitwa Kikero na veni linasikika "weni". (Anayetaka matamshi ya Kanisa, ya kuimbia kwaya, ambayo caelum ni "chelum" na si "kailum", asinunue hii, itamvuruga.) Irabu tano tunazo tayari, hilo halitusumbui. Kinachotuponza Waswahili ni mkazo, kwa sababu sisi tunaupiga silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno. Kilatini, kwenye neno la silabi tatu au zaidi, hufanya hivyo silabi ile ikiwa nzito tu (yenye irabu ndefu au inayofungwa na konsonanti), kama regIna. Ikiwa nyepesi mkazo unarudi nyuma hatua moja, DOminus, CORporis. Msomaji wao hajakosea hata mara moja katika kadi nilizosikiliza, na ukirudia baada yake kwa sauti, baada ya wiki mbili tatu sikio linakaa sawa. Utaratibu wa kurudisha kadi nao ni mzuri: uliyoipata inarudi kesho, halafu baada ya siku chache, halafu wiki, uliyoikosa inarudi palepale.

Ila sauti hizohizo zinaonyesha uzembe wa maandishi yao. Hawaweki alama ya irabu ndefu. Legit yenye e fupi ni "anasoma"; yenye e ndefu, lēgit, ni "alisoma". Malum ni ovu, mālum ni tofaa. Msomaji anazitofautisha vizuri kabisa, skrini haizitofautishi. Ukiwa kwenye daladala umezima sauti, unabahatisha, na ukibahatisha vibaya mnajua mtakachoambiwa.

Kwenye vitenzi ndiko nilikorudi kwenye nyota moja. Kitenzi cha Kilatini hukaririwa kwa maumbo manne: amo, amare, amavi, amatum. Kwa amo unaweza kukisia mengine, sawa. Kwa fero, kubeba, yanakuwa fero, ferre, tuli, latum. Nani atakisia tuli kutoka fero? Wao wamekupa fero tu, halafu somo la mbele inakuja "servus aquam tulit", mtumwa alileta maji, na ule wekundu wao.

Halafu maana. Wameandika ago = kufanya. Basi gratias ago, "nashukuru", mwanafunzi anaisoma "nafanya neema". Vitam agere ni kuishi, causam agere ni kuendesha kesi. Ago ni "piga" yao: sisi tunapiga simu, pasi, kura, magoti na picha, na hakuna anayemfundisha mgeni kwamba piga ni kuchapa kisha akamwacha hapo. Maneno ya namna hii yanakaririwa pamoja na wenzake, matatu manne kwa mpigo, la sivyo hayafai kitu.

Na mwenye Kiswahili anaadhibiwa mara mbili kwa sababu lazima apitie Kiingereza. Kilatini hakina vile vineno vya Kiingereza vinavyotangulia nomino (a, the), na Kiswahili hakina. Amat ni "anapenda", neno moja kwa neno moja, bila kusema ni mwanamume au mwanamke. Programu inakulazimisha uchague, na mara nyingine ukichagua mwanamke inakukatalia, wakati hakuna chochote kwenye sentensi kinachokataza. Unakosa kwa Kiingereza, unahesabiwa umekosa Kilatini.

Pale tunapohitaji kuelezwa kweli, hawaelezi. In hortum currit ni "anakimbilia bustanini", in horto currit ni "anakimbia bustanini". Sisi bustanini yetu haibadiliki, tunabadilisha kitenzi. Wao kitenzi hakibadiliki, wanabadilisha mwisho wa nomino. In ikifuatwa na umbo la mtendwa ni kuelekea, ikifuatwa na lile umbo la rege ni kuwa mahali. Kadi yao: in = ndani. Mwisho.

Ambaye ameshalipia, kama mimi, afanye hivi. Chini ya kila kadi pana sehemu ya kuandika maelezo yako, lakini usiitegemee, inajitokeza baada ya kujibu. Nunua manila, kata vipande vya ukubwa wa kiganja. Mbele andika neno zima kama lilivyo kwenye kamusi: rex, regis, m.; kitenzi na maumbo yake manne; kihusishi na umbo kinalolitaka. Nyuma weka maana kwa Kiswahili na sentensi fupi isiyozidi maneno manne. Irabu ndefu zitie mstari juu. Kumi kwa siku zinatosha, thelathini utazitapika kesho. Kila ukishika nomino, tamka maumbo mawili kwa sauti kabla hujageuza kadi, na siku ya tatu anza upande wa Kiswahili, kwa sababu kulitambua neno ni jambo moja na kulitoa kichwani ni jambo jingine. Kuhusu maneno gani yatangulie, Dickinson College cha Marekani kina orodha ya bure ya maneno 1,000 yanayotumika zaidi, yenye umbo la pili, maumbo ya vitenzi na alama za irabu ndefu, na maneno hayo hufika takriban asilimia 70 ya matini ya kawaida ya Kilatini. Bure, nasema. Mtu ameviweka vyote bila kumtoza yeyote shilingi, na hawa wanaotoza wanaona herufi moja ya jinsia itamtisha mteja.

Nyota moja, basi. Nimezipitia kadi zao zote za sehemu ya kwanza nikaziandika upya kwa mkono, yaani kazi yao nimeifanya mimi na hela nimelipa mimi.

Tatizo ni kwamba juzi muda wangu uliisha nikaulizwa kama naendelea, na kwenye manila yangu hakuna sauti. Nimelipia tena. Wekeni mbili.