Kubadilisha hita ya maji Mtwara: mwenyewe au fundi bomba?

Anayesema Mtwara haihitaji maji ya moto hajaamka Newala mwezi wa saba. Hata huku pwani, Shangani au Mikindani, nyumba yenye mzazi aliyetoka kujifungua haitaki habari ya maji baridi. Hapa tunapima hita ya kutungika ya lita 50, wati 1,500: ya zamani inatoka, mpya inaingia palepale.

Kazi ya bomba haina ugumu, mwenye spana mbili anaiweza. Zima breka, hakikisha kwa testa, funga koki, fungua bomba la moto bafuni hewa iingie, kisha legeza upande wa baridi maji yamwagike. Nyuzi za maungio ya bomba zipe tepu nyeupe mizunguko 10 hadi 15, ukifuata upande nati inapokazwa. Ukizungusha kinyume, tepu inajikunja na kuvuliwa wakati wa kukaza.

Penye shida ni ukutani. Hita ikijaa inaongezeka kilo 50, na tofali nyingi zimefyatuliwa kwa saruji ya kubania (na kiwanda cha saruji kipo hapahapa!). Ukitoboa ukaona mchanga unamwagika tu, plagi za plastiki hazifai. Pitisha bolti hadi upande wa pili wa ukuta, uzikaze na bamba la chuma.

Mafundi bomba tunawapa alama nzuri kwa kuunga mabomba, hasa ya PPR (plastiki inayoungwa kwa kuyeyushwa), maana mashine ya kuyayeyusha wanayo na wewe huna. Kwenye valvu ya usalama wanafeli. Maji ya lita 50 yakipanda kutoka nyuzi 27 hadi 60 yanatanuka kwa zaidi ya nusu lita, na mahali pa kutokea ni katundu ka valvu hiyo. Mwenye nyumba anaona matone, analalamika, fundi anaziba. Siku themostati, kile kidude cha kukata umeme maji yakishapata moto, ikigoma kukata, tangi linapasuka. Matone wakati wa kuchemsha ni kawaida; funga kimpira kiyapeleke kwenye mtaro, yaishe.

Umeme mwachie mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Wati 1,500 zinavuta ampea 6.5 hivi, kwa hiyo waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha, ila hita iwe na breka yake na waya wa ethi ufungwe kwelikweli. Shawa ya papo kwa papo ni habari nyingine: wati 5,500 zinavuta ampea 24, inataka waya wa 6. Kuiunga kwenye laini ya soketi ni kuomba moto.

Unatumia kisima chenye chumvi? Fungua kila mwaka utazame anodi, kile kijiti cha magnesi ndani ya tangi. Kikibaki chembamba, badilisha kabla kutu haijahamia kwenye tangi.

Usiwashe kabla bomba la moto halijatoa maji mfululizo bila kukohoa. Elementi, koili ya kuchemshia, ikiwaka kwenye hewa inaungua mara moja. Baada ya saa moja na dakika 20 hivi, na karibu yuniti 2 za LUKU, maji yanafika nyuzi 60. Yakitoka ya moto ndoo ndogo tu kisha yakapoa, bomba la blu (baridi) na la nyekundu (moto) yamebadilishana. Mrudishe fundi juu ya ngazi kabla hujamlipa.