ezdxf na matao: usisahau herufi hizi tatu

Karibuni tena. Leo mezani ni ezdxf, maktaba ya Python ya kuandika faili za DXF, yaani faili za michoro ya CAD. Kuisakinisha mnajua, tusipoteze muda. Twende moja kwa moja kwenye matao ndani ya polilaini, yaani mstari mmoja wa vipande vilivyoungana, maana hapo ndipo inaponifurahisha kweli, na hapo hapo ndipo inaponiudhi!

Tazama skrini. Nataka tundu refu lenye ncha za mviringo, milimita 100 kwa 40. Nukta nne zinatosha, kila moja na x, y na mbinuko (bulge), yaani kiasi cha kupinda kwa kipande: (0, 0, 0), (60, 0, 1), (60, 40, 0), (0, 40, 1). Halafu format="xyb", herufi zenyewe tatu, kuiambia ezdxf kwamba kila nukta ni x, y na mbinuko; na close=True ya kufunga umbo. Basi! Sijatafuta kitovu, sijagusa nusukipenyo. Mbinuko ni tanjenti ya robo ya pembe ya tao: nusu duara ni digrii 180, robo yake 45, tanjenti yake 1. Ukitaka robo duara, andika 0.4142. Chanya huzunguka kinyume cha saa. Hii nikiigeuza kuwa -1... mnaona? Ncha imebonyea ndani. Na mbinuko hukaa kwenye nukta inayoanza kipande. Ukiuweka kwenye nukta ya mwisho wake, kitakachopinda ni kipande kinachofuata.

Sasa udhia wenyewe. Nafuta format="xyb", naendesha tena. Vuta karibu hapa: tao hakuna, mstari ni mnene mwanzoni na unachongoka kama kabari. Na hakuna ujumbe wowote wa kosa! Usipotaja mpangilio, ezdxf inatumia "xyseb" (x, y, upana wa kuanzia, upana wa kumalizia, mbinuko), kwa hiyo namba ya tatu inasomwa kama upana wa kuanzia. Mbona wasingekataa tu?

Hata hivyo, kwa tao la peke yake naipenda ezdxf kuliko AutoLISP, lugha ya msimbo ya AutoCAD. add_arc inapokea digrii. Entmake, amri ya AutoLISP ya kuunda umbo, inataka rediani. Andika 90 kule, tao linaishia karibu na digrii 116.6, unabaki kukagua kitovu kisicho na kosa.

ezdxf ni ya bure, hata kwa kazi ya biashara. Jambo moja tu: mbinuko mdogo mno uangalie. Ncha zikiachana milimita 60, mbinuko 0.001 ni nusukipenyo cha mita 15. Weka 0 tu, mstari unyooke.

Video ijayo ni ConstructionArc.from_3p, tao la nukta tatu. Jiandikisheni, na mkwamo wenu uwekeni kwenye maoni pamoja na msimbo.